Nyuma ya Sufuri Kuna Watu

Ukimpa Madam wa Kompyuta kalamu akushikie, siku ya kukurudishia hakuachi uende hivi hivi. Anakusimamisha mlangoni. "Kagua," anasema. Wewe, kwa adabu uliyofunzwa nyumbani, unasema asante Madam. "Sijasema ushukuru. Nimesema kagua." Basi unavua kifuniko, unachora mstari kwenye kiganja, unaona wino ni uleule wa bluu na alama za meno ziko palepale ulipotafuna. Hapo ndipo anakuachilia.

Shule yetu yote pale Kitale ilijua maneno yake matatu: weka, toa, linganisha. Sisi wa klabu ya kompyuta tuliyaimba kwenye foleni ya chakula tukisubiri githeri, na lile la pili tulikuwa na utani wake ambao siwezi kuuandika hapa kwa sababu Mama atasoma.

Walimu wengine walijua database ni mahali pa kuweka majina na alama za mtihani. Madam alitaka kujua jambo jingine. Ukiipa kitu ambacho si maandishi wala hesabu, picha kwa mfano, au sauti, baiti mbichi tu, je, itakurudishia kilekile? Si kinachofanana nacho. Kilekile. Baiti, alitueleza, ni namba ndogo, kuanzia sufuri hadi mia mbili hamsini na tano, na wimbo wowote au picha yoyote ya harusi ni foleni ndefu ya namba hizo. "Database haijui kama hii ni sauti ya malaika au ya jogoo," alisema. "Kazi yake ni kutunza foleni. Kazi yenu ni kutoiamini."

Siku ya somo la sufuri alitutoa nje, akatupanga mstari mmoja kando ya bustani ya sukumawiki, kila mtu na namba yake kwenye karatasi. Aliyepewa sufuri aliambiwa achuchumae. Mimi nilikuwa nyuma yake. Kisha Madam akamwita mpishi wa shule, mama mmoja mnene asiye na mzaha, akamwomba ahesabu mstari kwa kuangalia vichwa, na pale asipoona kichwa aache. Mpishi akahesabu mpaka kwa yule aliyechuchumaa, akaacha.

"Wamekwisha," akasema.

"Ati tumekwisha?" nikapiga kelele. "Si mimi niko hapa, bana! Na wengine kumi na mmoja!"

"Kuna programu zinazosoma hivyo," Madam akasema. "Zikikutana na sufuri zinadhani habari imeisha. Zinafunga mlango, zinaenda nyumbani. Ndiyo maana mnapojaribu database mnaweka sufuri katikati makusudi, halafu mnaangalia kama walio nyuma wametoka. Nyuma ya sufuri kuna watu."

Mpishi alimwangalia kama mtu anayeugua, akarudi jikoni. Kuanzia siku hiyo mimi nikimpitia mpishi nilikuwa nachuchumaa, nione kama atanipa chakula. Hakunipa.

Nisimfanye mtakatifu. Mtu huyu aliyelilia baiti moja alipoteza funguo za maabara karibu kila wiki. Sukari yake aliiweka kwenye mkebe ulioandikwa chumvi, na chumvi kwenye mkebe ulioandikwa kahawa, na alipoulizwa alijibu kwamba jina la mkebe si yaliyomo. Alikuja shuleni siku moja amevaa viatu viwili visivyo ndugu, kimoja cheusi kingine kahawia. Nilinyoosha mkono darasani.

"Madam, umelinganisha?"

Aliangalia miguu yake kwa muda mrefu. "Vyote vimefika," akasema, akaendelea kufundisha.

Alikuwa mtu wa Bungoma mjini, wa zile nyumba za karibu na msikiti, na wakati wa Ramadhani alitufundisha akiwa amefunga, midomo imekauka. Mimi kwa utundu wangu nikaingia maabara na mandazi mawili, nikala kwa sauti. Darasa lote likasubiri ngurumo. "Kula, mwanangu," akasema bila kugeuka, "lakini ukinidondoshea makombo kwenye kibodi nitakufundisha njaa ni nini." Andazi la pili halikushuka vizuri.

Aligombana na mwalimu wa mitihani kwa sababu ya shimo moja kwenye karatasi. Kulikuwa na wanafunzi wawili, mmoja alifanya mtihani akaandika jina lake tu, mwingine alikuwa nyumbani anaumwa. Mwalimu wa mitihani aliwaandikia wote sufuri, yaishe. Madam akakataa. Alileta mikebe yake ofisini, akaweka mmoja mtupu mezani, na kando yake akaonyesha mahali ambapo hapakuwa na mkebe. "Huyu ni mkebe usio na kitu. Hapa hakuna mkebe. Ukiniambia ni sawa, nichotee maji kwa huu wa pili." Hata database, alisema, ina alama ya kitu kilichopo lakini ni tupu, na alama nyingine kabisa ya kitu ambacho hatujapewa. Mwalimu wa mitihani alisema mambo ya mashine yabaki kwenye mashine. Madam alikaa kwenye kile kiti mpaka mtoto aliyekuwa mgonjwa akaandikiwa kistari badala ya sufuri. Nilimcheka sana kwa vita vile vya kistari. Sikujua kwamba kuna siku nyumbani kwetu tutahitaji kistari.

Na hapa ndipo inanibidi nijitaje, ingawa nilitaka hii iwe habari yake peke yake.

Muhula wa mwisho kabla hajahamishwa, Madam alitupa kazi ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Kila mwanaklabu arekodi kwa simu sauti ya mzee wa kwao, dakika moja na zaidi, kwa lugha yoyote. Tutaziweka zote kwenye database kama baiti mbichi, tuzitoe, tulinganishe. Sauti arobaini. Alituonya jambo moja: mtu asifute rekodi yake ya kwanza mpaka ulinganishaji uishe.

Mimi nilienda Kabuchai kwa Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya. Nilimkuta anapukuchua mahindi, akaniambia niseme haraka kabla kuku hawajamzunguka. Nikamwambia azungumze chochote. Akazungumza na watoto wake, mmoja mmoja, kuanzia kifungua mimba, kana kwamba wamekaa mbele yake. Wekesa, punguza sauti nyumbani kwako, mke wako si kiziwi. Nafula, mguu huo upeleke hospitali, acha kuupaka mafuta ya taa. Barasa, wewe rudi kanisani hata kama ni kwa kulala. Halafu akafika kwa kitinda mimba wake, Nanjala, ambaye ni Mama.

Lazima nieleze kuhusu sufuria. Mama alipoondoka Kabuchai kwenda kuolewa Kitale, aliondoka bila kuaga na akabeba sufuria kubwa ya Kukhu. Tangu hapo, kila wakionana, hata kwenye simu, kabla ya salamu Kukhu huuliza: "Sufuria yangu iko wapi?" Ukoo mzima ulicheka. Wajomba waliniita Mjukuu wa Sufuria. Mama alicheka pia, lakini tukirudi nyumbani alikuwa anakaa kimya mpaka jioni.

Basi nikaleta sauti ya Kukhu shuleni kwa flashi, pamoja na wenzangu thelathini na tisa. Madam akaziingiza. Ulinganishaji akanipa mimi, kwa sababu, alisema, mtu mwenye mdomo mwingi apewe kazi ya macho. Kila sauti ilitaka uitoe kwenye database, uiweke kando ya ile ya flashi, uendeshe programu ya kuzilinganisha, uandike matokeo kwenye karatasi. Dakika mbili au tatu kwa kila moja. Na mchana huo timu yetu ilikuwa inacheza na shule moja kutoka Saboti.

Niliandika "sawa" mara arobaini chini ya dawati. Nilikuwa fundi: nikabadilisha kalamu katikati, nikalaza mwandiko kidogo kuanzia kumi na tano ili ionekane mtu amechoka. Madam akapokea karatasi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema kagua. Aliniangalia tu, akatabasamu, akasema, "Umenishangaza." Kisha akawatangazia wenzangu kwamba sasa wanaweza kufuta.

Nilifuta ya kwangu jioni ile, ya simu na ya flashi. Nilihitaji nafasi ya video.

Tulishinda mabao mawili kwa moja, kama kuna anayejali.

Muhula uliofuata Madam alikuwa amehamia Bungoma, na Kukhu akafariki. Baada ya mazishi familia ilikaa sebuleni kwetu Jumapili mchana, nami nikajitokeza kama shujaa: nina sauti yake! Mwalimu mpya alikuwa amenitolea kwenye database. Nikaiweka mezani. Kukhu akazungumza. Mjomba Wekesa akalia kwa sauti ileile aliyoambiwa apunguze. Mama mkubwa Nafula akaushika mguu wake. "Barasa, wewe rudi kanisani hata kama ni kwa—" Kimya.

"Irudishe nyuma," Mama akasema.

Nikairudisha. Wekesa, Nafula, Barasa. Kimya. Mara tatu. Mjomba Barasa akasema labda kuku walimzunguka. Mama akasema si mbaya, akatoka kwenda kuanua nguo, ambazo zilikuwa bado mbichi.

Nilimfuata kwenye kamba. "Mama, alikutaja. Nilikuwa pale. Alisema, ile sufuria—"

"Wewe." Hata hakunigeukia. "Uliniambia chifu yuko getini na askari, nikajificha kwa jirani. Uliniambia umekuwa wa tatu darasani. Hata kwa hili, kijana? Hata kwa mama yangu?"

Ningekuwa mimi ni yeye, nisingeniamini.

Kuanzia hapo aliacha kuitumia ile sufuria. Aliifunika juu ya kabati. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwamba mtu akikosewa sana huwa hasemi, hunyamaza tu akifika kwenye jina lako.

Nilivumilia wiki mbili. Jumamosi moja nikaenda Bungoma. Nyumba ya Madam niliipata kwa kuuliza msikitini. Mzee mmoja aliyekuwa anatawadha akanionyesha mlango wa kijani. Madam akafungua, kofia ya kufumwa kichwani na miwani juu ya kofia.

"Niaje, Madam."

"Niaje ni ya rika lako. Shikamoo haijakwisha."

"Shikamoo, Madam. Sikulinganisha."

Sikuwa nimepanga kuitapika mlangoni. Nikamweleza yote palepale, Saboti, mwandiko uliolala, Mama na kamba ya nguo. Hakupiga kelele. Aliniingiza ndani, akaleta kompyuta yake na bahasha kuukuu. Ndani ya bahasha ilikuwa karatasi yangu yenye sawa arobaini. Halafu akafungua jedwali la sauti zetu, nakala ya database aliyohama nayo. Wakati wa kuingiza alikuwa ameongeza safu mbili: urefu wa kila sauti kwa baiti kabla ya kuingia, na urefu uliokaa ndani. Akazipanga pamoja, akavuta miwani ishuke.

Safu ya kwanza ilikuwa na namba za kila aina. Safu ya pili, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ilikuwa na namba moja imejirudia kama wimbo mbovu: 65,535. 65,535. 65,535.

"Haiwezekani," akasema polepole, "wazee wote wa Bungoma na Trans-Nzoia wakanyamaza kwenye baiti ileile."

Alinieleza. Safu ya kuhifadhi aliyoichagua ilikuwa ya aina ndogo, mwisho wake ni baiti hizo, na mpangilio aliouacha uliiruhusu mashine ikate kilichozidi na kutoa onyo dogo tu ambalo hakuna aliyelisoma. Yeye alikuwa ameijaribu kwa sufuri katikati, kwa kitu kitupu, kwa kitu kisichokuwepo, kwa kila baiti kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. "Nilijaribu vitu vya ajabu. Sikujaribu kitu kirefu." Akavua miwani. "Na namba hizi zilikuwa hapa siku zote. Nilikagua kila kitu, mwanangu, isipokuwa wewe. Nilifurahi sana kwamba umefanya kazi."

Hilo liliniuma kuliko kiboko.

Mstari wa Kukhu ulikuwa wa ishirini na saba. Urefu ulioingia ulikuwa karibu mara mbili ya uliokaa. "Basi nyanya yako hakunyamaza," Madam akasema. "Amekatwa. Sasa niambie alichosema. Neno kwa neno."

Nikamwambia. Akaandika, hakunionyesha. Akanipa chai, akaniuliza habari za shule, za mpishi, akanituma kwa jirani kurudisha sinia. Niliporudi akasema, "Hebu niambie tena." Nikasema tena. Akaandika. Tukala wali. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akarudi. "Tena." Mara ya tatu nilikuwa nimeshakasirika. Akaziweka karatasi tatu kando kwa kando, kidole kikitembea juu ya maneno.

"Kuna mahali umesema 'ikiwa na maji'. Mara zote tatu. Kwa nini sufuria ilikuwa na maji?"

"Sijui, Madam. Nilidhani mzee amechanganya. Nani anabeba sufuria ya maji kwenda kuolewa?"

"Ungetunga ungeliacha hilo. Mtunzi habebi asichokielewa." Akakaa. "Lakini bado hatuna cha kulinganisha nacho. Nani mwingine alikuwepo?"

"Kuku."

"Si siku ya kurekodi. Siku ya sufuria."

Alipiga simu mwenyewe, akaiweka mezani sauti ikiwa juu. Mama alipopokea na kusikia ni mwalimu, akauliza mara moja, "Amefanya nini tena?"

"Mama, salaam aleikum, hapa ni mwalimu wake wa zamani. Sauti ya marehemu ilikatwa na mashine. Makosa ni yangu na ya huyu kijana wako, nimeona kwa macho yangu. Kilichobaki amenitolea mara tatu na hakijabadilika. Nakuomba umsikilize, halafu wewe ndiye utakayesema."

Madam akanisukuma kwa kiwiko. Nikainamia simu.

"Alisema: Nanjala, ile sufuria uliyoondoka nayo ikiwa na maji ni yako. Ilikuwa yako tangu siku ile. Nilikuwa naiulizia ndio uje."

Nikasikia redio ya Mama upande wa pili, tangazo la mbegu. Halafu redio ikazimwa.

"Maji?" akasema. "Alisema maji?"

"Alisema, Mama."

"Hakuna mtu niliyemwambia habari ya maji. Hata baba yako." Sauti yake ilikuwa ya msichana mdogo. "Nilimdanganya kwamba nakwenda mtoni. Nikachota kweli, nikapanda nayo mpaka barabarani ndipo nikayamwaga. Nilidhani hakuniona."

Madam alikuwa anaangalia ukutani, pembeni pa saa. Baadaye Mama akasema kwamba ana maharagwe mengi ya kuchemsha na anatafuta ngazi afikie juu ya kabati, akakata simu.

Madam akaivuta ile karatasi yangu ya zamani, akapiga mstari mmoja mwekundu juu ya sawa ya ishirini na saba. Akanipa kalamu. Nilikuwa nimeshaielekeza kwenye karatasi alipoushika mkono wangu.

"Kagua."

Nikachora mstari kwenye kiganja. Wino ulikuwepo. Kisha nikaandika, kwa mwandiko wangu wa kweli: Imekatwa. Iliyobaki iko kwa Nanjala.

Aliisoma mara mbili, akavuta kiti kingine mbele ya kompyuta.

"Hiyo ni moja," akasema. "Zimebaki thelathini na tisa, na kila moja ina mwenyewe wa kupigiwa simu. Vua koti."